Maji ya Kwanza ni ya Paa

Kapinga alinipigia simu Jumanne, nikiwa nachagua maharage kwenye ungo, akaniambia mama yake amefariki huko Mwene-Ditu, na kwamba kabla ya kukata roho aliomba jambo moja tu: azikwe Kolwezi, kando ya mumewe. "Yaya Ruwej," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani, "ni weye tu njo unajua kaburi ya papa iko wapi." Nikamwambia waje, nyumba yangu itakuwa nyumba ya kilio. Kisha nikakata simu, na yale maharage nikayarudisha kwenye gunia pamoja na mawe yake. Ni kweli, ni mimi tu ninayejua. Kaburi lile tulilichimba watu wanne, na watatu wameshatangulia. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimekwenda pale kila mwanzo wa kiangazi kufyeka nyasi, na kila nikimaliza nanawa mikono na kurudi nyumbani bila kumwambia mtu kitu. Watu wa mtaa, wanaojua tu kwamba natunza kaburi fulani, wananisifu kwa uaminifu. Niliwaacha wanisifu. Nilichokuwa nakiogopa hakikuwa kaburi, kilikuwa ni siku ambayo mtu wa nyumba ile angekuja kuniuliza habari za stesheni.

Mwaka ninaousema ni ule wa mvua ulioanza Oktoba sabini na saba na kuishia Mei sabini na nane. Wazee wa Kolwezi hawahitaji niongeze neno. Vijana nawaambia tu kwamba nyuma yetu tulikuwa na vita vya siku makumi nane, yaani themanini, mbele yetu kulikuwa na vita vya siku sita, na katikati hapo tulipika, tulifua na kwenda kazini kama watu wasiojua lolote. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka Kasaji na cheti cha shule na mwandiko mzuri, na mwandiko ndio ulionipa kazi, kwa sababu Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, mkuu wa kituo cha hali ya hewa, alikuwa anaandika kama kuku anayechakura. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, mwenye abakosti moja, lile koti la kiserikali lisilovaliwa na tai, ya kijivu ambayo mkewe, Mama Ntumba, aliipiga pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Mkuu wa kituo lilikuwa jina kubwa. Kituo chenyewe kilikuwa mimi na yeye.

Tuliishi palepale kazini, kwenye nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara ya kwenda Mutoshi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi: meza, saa ya ukutani, daftari za miaka, na kabati la chupa ambalo watoto walikatazwa hata kuliegemea. Chumba cha kati tulikula, na nyuma ya pazia walilala Tata, Mama Ntumba na watoto wao watatu, Kapinga wa miaka tisa na wadogo zake wawili wa kiume. Mimi nilipewa ghala. Lilinuka mafuta ya taa na nta, na ukuta wake haukufika juu mpaka kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa nyumbani mule kilikuja kunilalia kifuani. Alfajiri, kabla ya moto kuwashwa, ndipo Mama Ntumba alipokuwa anamsema mumewe. Alianza polepole, kwa Kiluba, halafu akipandwa na hasira anaingia Kiswahili, kana kwamba alitaka na mimi nisikie. "Banaenda bote, Mukendi. Bote. Tutabakia siye na machupa yako."

Chupa hizo zilikuwa ndogo, za ujazo wa kahawa ya mtu mmoja, na zilikuwa zinabeba mvua. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, na Tata hakukasirika. Alinieleza mezani, siku yangu ya pili, akiwa na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi na sombe ya majani ya muhogo ikimdondokea kwenye sahani. Maji yote yana ladha moja, alisema, lakini si yote yana uzito mmoja. Ndani ya maji ya kawaida mumechanganyika maji mazito kidogo, machache sana, ambayo jicho haliwezi kuyaona wala ulimi kuyajua. "Wingu ni kama bamama benye kutoka soko ya Kasaji na miguu," akasema. "Mwenye muzigo muzito anatua wa kwanza. Mwenye nyepesi anaendelea. Sasa kama mvula inafika hapa nyepesi sana, utajua nini?" Kapinga akajibu haraka kabla yangu: "Inatoka mbali!" Tata akampa kipande chake cha samaki. Ndivyo ilivyokuwa, mvua iliyotoka mbali imeshadondosha uzito wake njiani. Na mtu akijua mvua yake inatoka bahari ya upande gani, mwaka hadi mwaka, anaweza siku moja kujua mapema mwaka ambao haitakuja. Tata alikuwa ameona njaa ya mwaka mmoja wa mvua kukosa, huko kwao, akiwa mdogo. Hakupenda kuisema. Alisema tu kwamba maiti za njaa ni nyepesi, akaosha mikono.

Kazi ilikuwa hivi. Uani kulikuwa na vyombo viwili juu ya nguzo. Cha kwanza kilipima mvua imeanguka kiasi gani, na hicho alikisoma yeye mwenyewe kila asubuhi saa mbili. Cha pili kilikuwa faneli kubwa iliyomimina maji kwenye bidoni, yaani dumu, na ndani ya bidoni tuliweka mafuta mepesi yaelee juu ili jua lisiibe maji. Hicho kilikuwa changu. Mwisho wa mwezi nilijaza chupa moja mpaka shingoni, nikaifunga kwa nta, nikaandika karatasi yake kwa mwandiko wangu mzuri, ikapanda treni kwenda Lubumbashi na kutoka hapo kwenda ng'ambo, kwenye maabara yenye mashine ya kuhesabu ule uzito. Tata alikuwa amejaribu mara mbili na kushindwa. Mwaka wa kwanza chupa zilivunjika njiani. Wa pili vita vya siku makumi nane vilifunga reli. Sasa ofisi ya Lubumbashi ilikuwa imemwandikia kwamba bila msimu mmoja kamili usio na pengo, kituo kitafungwa. "Mvula moja nzima," aliniambia, "kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Njo kitu naomba Mungu, na weye."

Nami nilitaka kumpa. Hapo ndipo inapoanza aibu yangu, kwa sababu sikuharibu kwa uvivu, niliharibu kwa bidii. Kolwezi mtoto anajua mambo mawili kabla ya kujua kusoma: asiguse maji ya kijani yanayotoka kiwandani, na asikinge maji ya kwanza. Kiangazi chote vumbi la migodi na moshi wa viwanda vinalala juu ya mabati. Mvua ikianza, kinachoshuka ni uji wa kahawia. Kila mama anavuta beseni lake ndani, anasubiri maji yatakate, ndipo anakinga. "Maji ya kwanza ni ya paa," wanasema, na mtoto anayesahau anapigwa kofi. Nilipoiona faneli yetu imejaa vumbi, na maji ya kahawia yanaingia kwenye bidoni iliyokuwa inakwenda kwa wenye elimu wa ng'ambo, nilisikia aibu ya mji mzima. Watasema watu wa Kolwezi ni wachafu. Kwa hiyo kila mvua ilipoanza nilitoka mbio, nikaichomoa ile bidoni, nikaacha maji ya kwanza yamwagike chini mpaka yakatakata, ndipo nikairudisha. Sikukosa hata mvua moja. Nililoa mpaka nguo za ndani. Tata alinitazama dirishani na kutikisa kichwa kwa furaha, akidhani nakimbilia kuhakikisha bidoni imekaa sawa. Akamwandikia mkubwa wake Lubumbashi kwamba amepata binti mwenye mkono safi. Ile karatasi ya maelekezo ilikuwa na mistari mingi ya Kifaransa juu ya mafuta, nta na kivuli, lakini hakuna mstari uliosema usimwage maji ya kwanza. Walioiandika hawakuwa wamewahi kuishi chini ya moshi wetu.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nyingi, na watu waliipenda kwa sababu ambayo hakuna aliyetaka kuisema kwa sauti. Niliisikia mara ya kwanza mwezi wa Januari, kwa binamu yangu fundi wa baiskeli, aliyekuja toka Kasaji na mzigo wa mihogo. Tulimkaribisha chakula. Alikula haraka, akitazama mlango, halafu nilipomsindikiza barabarani akanishika kiwiko. "Ruwej, mvula ikikatika, usikuwe hapa." Nikamuuliza kwa nini. "Njia zinakauka," akasema. "Kule ku mupaka, bale ba vita ya mwaka jana beko banangoja njia zikauke." Akapanda baiskeli yake na hakugeuka. Baada ya hapo nikaanza kuyasikia maneno hayohayo kila mahali, madogomadogo, kama panya kwenye dari. Muuza mihogo akisema hatalima tena upande wa magharibi. Fundi wa reli akisema mabehewa yanakuja matupu. Siku moja askari wanne walisimama uani, wakaizunguka nguzo ya faneli, wakamuuliza Tata inapokea habari za nani. Tata akawaeleza mambo ya uzito wa maji kwa nusu saa, kwa heshima zote, mpaka mmoja wao akapiga mwayo. Wakaondoka. Mama Ntumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi muda wote huo, aliingia ndani akakaa chini sakafuni. Tangu siku ile nilikuwa nalala na viatu karibu.

Jambo la ajabu ni kwamba mji mzima ulikuwa unasubiri kitu kimoja na Tata Mukendi. Wote walisubiri mvua iishe. Wao waliogopa mwisho huo, yeye aliuhitaji. Kila alfajiri nilisikia upande wa pili wa ukuta mazungumzo yaleyale. Mama Ntumba alitaka waende kwao Mwene-Ditu, wote watano, mara moja. Tata alisema atawapeleka, ila yeye atafuata. "Kisha chupa ya mwisho, njo nitafuata," alisema. "Kama kuko pengo moja, kazi yote ni bure, na kama kazi ni bure, mi nakaa hapa juu ya nini? Siku hiyo mi mwenyewe nitapanda train mbele yako." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Naliandika hapa ili lisije likapotea, kwa sababu mengine yote yanatoka humo.

Barua ya maabara ilifika Machi, katikati ya wiki, saa ya chakula cha mchana. Ilihusu chupa nne za kwanza, za Oktoba mpaka Januari. Tata aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena, na chakula chake kikapoa. Waliandika kwamba maji ya Kolwezi ni mepesi mno, mepesi kuliko ya vituo vyote jirani, na wakauliza kwa adabu kama tunafuata maelekezo. Tata aligonga meza mpaka kikombe kikaruka. "Banafikiri tuko na kosa! Kosa ya jua ingefanya maji nzito, haiwezi kufanya nyepesi!" Alikuwa anacheka, macho yamelowa. Kwake hiyo ilikuwa na maana moja: kila mtu alidhani mvua yetu inatoka bahari ya mashariki, kumbe inatoka bahari ya magharibi, mbali sana, inavuka nchi nzima ikidondosha uzito wake. Yeye, Mukendi, ndiye aliyeipata. Alimwita mkewe toka jikoni aje asikie. Mama Ntumba alikuja, akasikiliza, akasema, "Muzuri. Sasa tuende?" Tata akacheka zaidi.

Mimi sikujua bado. Niliuliza swali la kijinga, la kumfurahisha mkubwa wangu tu. "Tata, na mu mvula moja, kuanza mpaka mwisho, maji iko sawasawa?" Akanigeukia kwa furaha ya mwalimu. "Hapana, mutoto yangu! Ata mu mvula moja. Yenye kuanguka kwanza njo nzito. Nyuma yake, nyepesi. Njo maana tunatia yote pamoja mu bidon, bila kupoteza." Nakumbuka nilikuwa nimeshika kijiko cha sombe. Nakumbuka nzi juu ya mkate. Nilikiweka kijiko chini, nikasema naenda kuangalia vyombo, nikatoka uani nikasimama mbele ya faneli yangu, na pale chini ya nguzo palikuwa na kishimo kidogo kilichochimbwa na maji niliyokuwa namwaga miezi yote ile. Uzito wote wa mvua ya Kolwezi ulikuwa umeingia mle kwenye kishimo. Hakukuwa na bahari ya magharibi. Kulikuwa na mimi.

Mvua iliyofuata niliacha kila kitu kiingie, na vumbi lake. Asubuhi Tata akainua bidoni, akaitazama. "Leo maji iko chafu?" Nikasema, "Ni vumbi, Tata." Akasema bila kufikiri, "Aiko kitu. Vumbi haina kazi mu ile hesabu," akaenda zake. Ningeweza kufa kwa neno hilo. Tangu siku ile nikakusanya vizuri, kana kwamba kosa likikatwa katikati linakuwa nusu. Lakini sikusema. Nimejitafutia sababu kwa miaka mingi, na nimezichosha zote. Niliogopa kurudishwa Kasaji, hiyo ni kweli. Nilipenda kuitwa mkono safi, hiyo ni kweli zaidi. Alikuwa ameniahidi jina langu litaandikwa chini ya lake kwenye ripoti, na kila jioni nilikuwa naliandika jina hilo kidogo pembeni ya karatasi kuona litakavyokaa. Na nilimpenda mtu yule, kama mtu anavyompenda aliyemwamini bila kumjua. Sikutaka kuuona uso wake akisikia. Huo ndio ukweli mfupi: sikutaka kuuona uso wake, kwa dakika moja tu, nikamwacha.

Katikati ya Aprili mimi na Tata tulimsindikiza Mama Ntumba na watoto stesheni. Treni ya kwenda Tenke, njiapanda ya reli ya Kasai, ilikuwa imejaa watu wa Kasai na mizigo yao, magodoro, mashine za kushonea, picha za ukutani zimefungwa kwenye shuka. Watu hawakuwa wanalia. Walikuwa wanahesabiana watoto. Karatasi ya safari ya Mama Ntumba ilikuwa imeandikwa majina matano, jina la mumewe juu kabisa, na yeye aliishika wazi, kama mtu anayeonyesha cheti. Kapinga alikuwa amebeba kuku kwenye kikapu. Tata alipokuwa ndani akiwatafutia watoto nafasi dirishani, Mama Ntumba alinivuta mkono mpaka nyuma ya tangi la maji. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Ruwej, mutoto yangu, mi nimesema mpaka mulomo inachoka. Weye anakusikilizaka juu ya kazi. Uko na neno yenye inaweza kumutoa ku ile machupa? Neno moja. Ata ya bongo, ya kudanganya."

Alikuwa tayari nimdanganye mumewe ili apande. Mimi nilikuwa na neno la kweli. Lilikuwa hili: Tata, chupa zote ni bure, nilikuwa namwaga maji ya kwanza. Angelisikia, angesimama kidogo, angevaa kofia yake, angepanda. Alishasema mwenyewe kwamba angepanda. Ilikuwa imebaki labda dakika kumi. Nilitazama chini, nikaona viatu vyangu vya ofisi, vile Tata alivyonisaidia kuvipata ili nisiaibike mbele ya wakubwa. Nikasema, "Sina, Mama." Aliniachia mkono polepole. Hakunilaani. Alikwenda akapanda, na treni ilipoanza kuvuta nilimwona dirishani ameshika ile karatasi ya majina matano, na mumewe, aliyekuwa ameshashuka na kusimama kando yangu, anapunga kofia kwa furaha akiwaambia kwa ishara ya vidole: wiki nne, wiki nne tu.

Mvua ya mwisho ilinyesha mwanzoni mwa Mei, ndogo, ya mchana. Tata alikuwa na desturi yake: hakufunga chupa ya mwisho mpaka zipite siku kumi na nne kavu, ili asije akaambiwa aliwahi mno. Alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli. Siku ya kumi na nne ilikuwa iangukie Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo jioni kulikuwa na treni. Alifunga sanduku lake mapema, akaliweka mlangoni. Barabara ya Mutoshi ilianza kutoa vumbi tena. Ndege hawakuwa wamenyamaza wala mbwa hawakulia usiku, kama watu wanavyopenda kusimulia. Kila kitu kilikuwa sawa, na ndiyo maana naogopa mpaka leo siku ambazo kila kitu ni sawa. Jumamosi asubuhi nilikuwa nawasha makaa. Nilisikia milio upande wa mjini, nikadhani ni kazi ya mgodini. Tata alitoka na mswaki mdomoni, akasikiliza, akautoa. "Haiko baruti ya kazi ile," akasema.

Tulijifungia sisi wawili na majirani watatu, mzee mmoja na wanawe wawili wakubwa. Sitasimulia siku zile, wengine wamezisimulia na kila mtu ana zake. Tulilala sakafuni ofisini chini ya kabati. Maji ya bomba yalikatika, tukanywa tuliyokuwa nayo kwenye ndoo, na mzee jirani alipoitazama bidoni kule uani kupitia dirishani na kulamba midomo, Tata alimwambia kwa upole, "Ile hapana, tata. Ile ni ya mwisho." Jumatatu, saa mbili kasorobo, alivaa abakosti yake. Nikajua. Nilimwambia kikombe cha mvua ni kitupu, kinaonekana kutoka hapa, tuandike sifuri. "Sifuri inaandikwa kama imeonwa kwanza," akasema. "Na bidon inabakia kufungwa. Siku kumi na ine, Ruwej. Leo." Nilimshika mkono wa koti. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tata, ile maji..." na yeye akasubiri, kwa kweli alisubiri, akinitazama kwa yale macho ya mwalimu anayengoja mwanafunzi amalize. Nikasema, "Ile maji inaweza kungoja." Akatabasamu, akatoka.

Hatukujua ni risasi ya nani, na sijawahi kujua. Alikuwa ameshaichomoa bidoni na kugeuka kurudi. Alianguka akiwa ameikumbatia, na haikumwagika. Jioni tulimzika mimi na wale watatu palepale, chini ya nguzo ya faneli, kwa sababu pale udongo ulikuwa laini kuliko mahali pengine pote uani. Nilijua kwa nini ulikuwa laini. Baadaye watu waliingia ofisini wakavunja kabati na chupa zilizobaki, na kituo hakikufunguliwa tena. Mama Ntumba aliandikiwa barua na padri. Mimi sikumwandikia, si mwaka ule wala mwaka wowote.

Jana Kapinga alifika na wadogo zake, wazee sasa, mmoja ana mvi kunizidi. Tuliweka jeneza sebuleni, wanawake wakaimba. Mchana alinifuata jikoni, akavuta kigoda, akaanza kuchambua majani ya sombe pamoja na mimi bila kuambiwa. Mikono yake ni ya mama yake. Alichambua fungu zima kabla hajasema. "Yaya Ruwej. Ile siku ku gare, mama alikukamata mukono nyuma ya tangi. Nilikuwa na kuku mu kikapo, niliona. Mpaka siku ya kufwa alikuwa anasema, mutoto ule alikuwa na kitu mu mulomo. Alikuuliza nini?" Nilimwambia. Nilimwambia yote, bidoni, vumbi, barua, viatu, nikiwa nimeinamia majani, na sauti yangu ilikuwa inatoka kavu kama ya mtu anayesoma daftari. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu. "Kama ungemwambia pale, papa angepanda?"

"Angepanda," nikasema.

Akachukua fungu lingine. Nje mvua ilianza, ya kwanza ya msimu, na wanawake wa kilio wakapiga kelele wakivuta mabeseni ndani, muache kwanza, muache ya paa ipite. Kapinga aliwasikiliza, nami nikamwona anasikiliza. Halafu akasema bila kunitazama, bila hasira hata, "Hapana kuniambia mi peke yangu ku jiko. Kesho, kisha kuzika mama, utasimama pale ku kaburi mbele ya bandugu yangu. Utasema yote, kuanza mwanzo."

Nimeamka mapema kuyaandika, nisije nikapunguza nikifika pale. Mara mbili nilianzia stesheni, mahali ambapo naonekana mtu wa kuhurumiwa, na mara mbili nikaichana karatasi. Sasa nimeweka na bidoni, na bidii yangu, na lile jina nililokuwa naliandika pembeni. Wameshabeba jeneza, wananiita niwaonyeshe njia. Nitawaonyesha mahali penye udongo laini, na nitawaambia kwa nini ni laini.